Kila Wiki Ina Ubongo Wake

Mama mjamzito akishalala kitandani nimpime kwa ultrasaundi, jambo la kwanza ninalomuuliza ni hedhi yake ya mwisho ilianza lini. Hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, majibu huja kwa namna nyingi. Mmoja ataniambia ni pale mahindi yalipokuwa yanapaliliwa mara ya pili. Mwingine ni wiki watoto waliyofukuzwa shule kwa ajili ya karo. Mwingine atahesabu kwa vidole, afike mwezi wa tatu, arudi nyuma, kisha anitazame kana kwamba mimi ndiye ninayepaswa kukumbuka. Siku hizi nangoja. Kuna wakati nilikuwa singoji, na aliyeumia kwa haraka yangu hakuwa mimi.

Nimekulia kambini. Baba alikuwa askari, na Kiswahili ndicho lugha tuliyochezea na kugombania sisi watoto wa askari. Kilikuja kunifaa kuliko nilivyotarajia, maana mpakani anakuja Msamia, Mteso, Mganda, Mluhya wa upande wa Kenya, na mara mojamoja mama wa Kikongo aliye safarini na bidhaa zake, ambaye yeye haiiti ultrasaundi, anaiita ekografi. Wote tunakutana kwenye Kiswahili. Nilisomea kazi hii Kampala, pale hospitali ya Mengo, kisha nikaajiriwa katika kliniki ndogo ya binafsi: chumba kimoja, pazia, kitanda, mashine, na jenereta uani kwa siku ambazo umeme unakatika.

Ilikuwa wiki ya pili ya Novemba 2017. Aliletwa mama mmoja wa Kiislamu, mimba ya pili, akisindikizwa na mama mkwe wake. Kitabu chake cha kliniki kilikuwa kimeandikwa wiki 24. Nikakiamini. Nikapaka jeli, nikaweka probu, kile kifaa cha mkononi kinachotuma mawimbi, nikatafuta kichwa cha mtoto.

Kwa asiyekaa mbele ya skrini nieleze kidogo tunachofanya. Kichwa cha mtoto tunakikata kwa mawimbi ya sauti, mapande ya mlalo, kama mtu anayekata tikitimaji. Pande la juu linaonyesha vyumba vya maji, maana ndani ya ubongo wa kila mtu kuna vyumba vyenye maji masafi. Pande la kati linaonyesha thalamasi mbili, vinundu vya katikati ya ubongo, zilizokaa kama maharage yaliyotazamana, na hapo ndipo tunapopima upana na mzunguko wa kichwa. Pande la tatu tunaliinamisha kuelekea kisogoni ili tuione serebela, ule ubongo mdogo wa nyuma, wenye mashavu mawili. Mstari wa kati lazima upite katikati kweli. Kwa mbele lazima uone kijisanduku cha maji kinachoitwa kavamu, ambacho kuanzia wiki ya 18 hivi kikikosekana ni lazima ujiulize kwa nini. Na ule upande wa ubongo ulio karibu na probu mara nyingi hufunikwa na ukungu unaotokana na mfupa wa kichwa, kwa hiyo tunausoma upande wa mbali. Wavivu huishia hapo na kuamini kwamba pande zote mbili zinafanana. Ni imani mbaya. Zungusha probu, mwombe mama alalie ubavu, tafuta njia.

Yule mama vyumba vya maji vilikuwa vizuri, milimita 7 na kidogo. Kipimo hiki kina uzuri wake: toka kati ya mimba hadi kujifungua hakibadiliki sana, na mpaka wake unajulikana, kisifike milimita 10. Vingine karibu vyote hubadilika kila wiki. Hapo ndipo nilipoteleza.

Kichwa kilikuwa kidogo kwa wiki 24. Uso wa ubongo ulikuwa laini. Sote tumezoea kuuona ubongo wa mbuzi buchani, umejaa mikunjo, tukadhani ubongo huzaliwa hivyo. Sivyo. Tumboni huanza ukiwa laini kama yai lililomenywa, halafu wiki baada ya wiki hujikunja kwa mpangilio unaojulikana. Kwenye ubavu kuna bonde linaloitwa mfereji wa Silvia. Kwa mtoto huyu lilikuwa limebonyea tu, kama alama ya kidole kwenye unga, bila pembe yoyote. Kwa wiki 24 nilitarajia pembe. Nikasema kwa sauti, huku nikijisemea mwenyewe, “Huu ubongo haujakunja.”

Mama hakusema kitu. Mama mkwe ndiye aliyeuliza, “Haujakunja maana yake nini, musawo?” Musawo ni daktari kwa Kiganda. Nikaeleza, na nilieleza vibaya. Nikaandika kwenye karatasi kwamba kichwa ni kidogo na ubongo ni laini usiolingana na umri, nikawaambia watafute hospitali kubwa. Walitoka bila kuaga. Jeli ilikuwa bado inang'aa kwenye ncha ya leso yake, nilikuwa sikumpa hata muda wa kujifuta vizuri.

Usiku nilimtumia mwalimu wangu picha zile kwa simu. Hakunijibu kuhusu mfereji wa Silvia. Alirudisha swali moja: “Nani amekwambia ni 24?”

Siku ya nne walirudi, baada ya mimi kupiga simu kwa namba iliyokuwa kwenye kitabu. Mama mkwe akanieleza yaliyotokea katikati. Walikuwa wamekwisha kununua shali ya mtoto. Yule mama aliirudisha sokoni. Mwuzaji akakataa kutoa pesa, akampa miche ya sabuni badala yake. Sabuni ile alikuwa ameiweka chini ya kitanda, hataki kuifulia.

Nikaketi. Nikamuuliza upya hedhi ya mwisho. Akasema mwezi wa tano, au wa sita, ndivyo alivyomwambia nesi, na nesi akaandika wa tano. Nikamuuliza kama kuna chochote cha kukumbukia. Akafikiri, kisha akasema, “Nina deni la Ramadhani.”

Mwanamke wa Kiislamu akiwa katika hedhi hafungi, na siku alizokula anazilipa baadaye. Kwa hiyo anazihesabu, na hawezi kuzisahau, kwa kuwa ni deni kwa Mungu. Deni lake lilikuwa siku tano, zile za mwisho kabisa, na Idi ilimkuta haswali. Alikuwa hajalilipa kwa sababu mimba iliingia. Mwaka ule Ramadhani iliisha mwishoni mwa Juni. Nikahesabu kwenye kalenda ya ukutani, kidole kwenye kila wiki, naye akihesabu nami. Siku niliyompima alikuwa na wiki 20.

Nikafungua tena vipimo vya siku ile. Serebela ilikuwa na upana wa milimita 20, na katika wiki hizo za katikati milimita za serebela hukaribiana sana na wiki za mimba. Mfupa wa paja ulisema 20. Mzunguko wa tumbo ulisema 20. Vyote vilikuwa vinasema neno moja na mimi sikuvisikiliza, nilikuwa nasikiliza kitabu. Na ubongo wa wiki 20 una haki ya kuwa laini. Nilikuwa nimemshtaki mtoto kwa kukosa kitu ambacho wakati wake haujafika.

Lakini sikumwambia mama kwamba mambo yamekwisha. Vipimo vyote vikikubaliana inawezekana tarehe ndiyo iliyokosewa, na inawezekana pia mtoto mzima ni mdogo. Deni la Ramadhani lilitupa tarehe, ila nilitaka kuona ubongo wenyewe ukitembea. Nikamwomba arudi baada ya wiki tatu tangu kipimo cha kwanza, bila malipo.

Akarudi. Bonde lile lililokuwa mbonyeo tu sasa lilikuwa limeanza kupata pembe. Nyuma, upande wa ndani, palikuwa na mfereji mwingine uliochongoka kama V ndogo, ambao mara ya kwanza ulikuwa kijidoti. Kichwa kilikuwa kimeongezeka kama inavyotakiwa kwa wiki tatu. Nikamgeuzia skrini, nikamwonyesha V ile kwa ncha ya kalamu. Akaitazama muda mrefu, kisha akauliza, “Kwa hiyo anaukunja mwenyewe?” Ndiyo, mama. Anaukunja mwenyewe.

Tangu siku hiyo nimekuwa mkaidi kwa jambo moja: sisomi ubongo kabla sijajua wiki. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mama apate ultrasaundi moja kabla ya wiki 24, na wengi hudhani ni kwa ajili ya kujua kama ni mvulana au msichana. Mimi ningeomba hata mapema kuliko hapo. Kati ya wiki ya 11 na 14 mtoto hupimwa kutoka utosini hadi makalioni, na tarehe inayopatikana hapo haina mpinzani kwa miezi yote inayofuata. Wengi wanaokuja kwangu huja mwezi wa saba, mifupa ya kichwa imeshakuwa migumu, mtoto ameshainamisha kichwa nyongani, na wiki ni za kukisia. Nafanya ninachoweza. Najua pia kwamba nauli ya boda kutoka vijijini ni chakula cha siku mbili, sitamlaumu mtu.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha ramani ya ubongo wa mtoto tumboni, kutoka wiki ya 14 hadi ya 31, iliyojengwa kwa picha za ultrasaundi za pande tatu. Akina mama walitoka nchi nane, na Kenya ni mojawapo, huko Nairobi. Wote walikuwa wamehesabiwa wiki zao kwa uhakika tangu miezi mitatu ya mwanzo, na watoto wao walifuatiliwa hadi miaka miwili. Tofauti kati ya nchi moja na nyingine zilikuwa ndogo sana, chini ya asilimia 8 ya tofauti zote. Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha wagonjwa, siku ya mvua, hakuna mtu. Kilichonigusa ni kwamba upande wa kushoto na wa kulia huanza kutofautiana tangu wiki ya 14, na tofauti hufika kileleni kati ya wiki ya 20 na 26, katika sehemu zinazohusika na lugha. Nikawaza juu ya watoto wa hapa, ambao watazungumza Kisamia na bibi, Kiteso na jirani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani. Nafasi ya lugha zote hizo ilikuwa inaandaliwa mbele ya macho yangu nami nilikuwa napima tu upana wa kichwa.

Kuna mimba nyingine ambazo ubongo ndio uliniongoza nione tatizo lililoko mbali nao. Mfano ni mgongo wazi, yaani uti wa mgongo ambao haukufunga. Mgongo wa mtoto aliyejikunja si rahisi kuuona wote, ila kichwa husema mapema: mifupa ya mbele hubonyea pande zote mbili hadi kichwa kikafanana na limau, na serebela, ambayo ingekuwa na mashavu mawili ya mviringo, huvutwa chini ikajipinda kama ndizi. Nimeona hivyo mara mbili. Mara zote mbili niliuona kwanza ubongo, ndipo nikarudi mgongoni kutafuta, nikapata. Mama wa pili alipanga kujifungulia karibu na madaktari wa upasuaji, mtoto akafungwa mgongo katika siku za mwanzo. Alikuwa ameanza kumeza vidonge vya foliki mwezi wa nne, kwa uaminifu, bila kuruka siku. Ilibidi nimweleze kwa upole mwingi kwamba mfereji wa mishipa ya fahamu, ule unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, kabla wengi hawajajua kama wana mimba, na kwamba kwa mimba ijayo aanze mikrogramu 400 kila siku kabla hata ya kuipata. Akasema angependa kuwa ameambiwa hayo akiwa msichana. Nami ningependa.

Akina mama huniuliza sana kama mtoto atakuwa na akili. Swali hilo mashine haiwezi, na nawaambia hivyo.

Sasa nije kwa yule binti wa mihogo. Ninamwita binti kwa sababu alikuwa na miaka kama ishirini, anauza mihogo ya kukaanga upande wa Sofia, na alikuja na harufu ya mafuta kwenye kitambaa cha kichwani. Wiki 21, tarehe za uhakika, kila kitu mahali pake: mstari wa kati, kavamu, vyumba milimita 6, serebela nzuri, mgongo umefungwa hadi mwisho. Nilifurahi naye. Nikamwambia, “Ubongo wa mtoto wako uko sawa kabisa.” Akacheka, akaniachia mihogo kwenye gazeti.

Alirudi mtoto akiwa na miezi miwili na nusu. Alikuja na kile kitabu chake, amekifungua ukurasa wenye maandishi yangu. Mtoto alipokuwa na siku kumi alipata homa, akakataa ziwa, akapata degedege. Walimtibu, homa ikaisha. Halafu kofia zake zikaanza kumbana, moja baada ya nyingine. Nilipomvua kofia niliona mishipa ya damu imetokeza kwenye paji la uso, na macho yametazama chini, sehemu nyeupe ikionekana juu, kama jua linalozama. Akaniwekea kitabu mezani. “Musawo, uliandika ubongo uko sawa.”

Na nilikuwa nimeandika kweli. Siku ile ulikuwa sawa.

Nilikuwa nikijua kwa vitabu kwamba hapa Uganda sehemu kubwa ya watoto wanaopata maji kichwani hawazaliwi nayo. Madaktari wa CURE, hospitali ya watoto iliyoko Mbale, walilionyesha hilo miaka ya mwanzo ya 2000: zaidi ya nusu ya watoto waliofika kwao walikuwa wamepata maambukizi kwanza, mara nyingi katika mwezi wa kwanza wa maisha. Mwaka 2020 watafiti walichapisha kwamba katika maji ya ubongo ya wengi wa watoto hao walikuta bakteria wa aina ya Paenibacillus, ambao hakuna aliyekuwa akiwatafuta. Yote hayo niliyajua. Sikuwa nimewahi kuyaunganisha na kinywa changu, na neno “kabisa” nililomwambia yule binti.

Utosi wa mtoto ulikuwa bado wazi, umevimba. Utosi ni dirisha ambalo Mungu ameliacha. Pale ambapo mfupa haujafunga, probu ileile inayopitishwa tumboni huona ndani vizuri kuliko ilivyowahi kuona wakati wa mimba. Nikapaka jeli, nikaipasha kwanza viganjani kwa sababu alikuwa amelala. Vyumba nilivyovipima milimita 6 vilikuwa vimekuwa mabwawa. Ndani yake kulikuwa na nyuzi nyuzi zinazotikisika, mabaki ya ugonjwa. Kavamu iliyokuwa kisanduku kizuri sikuiona tena.

Waliondoka siku hiyohiyo kwenda Mbale kupitia Tororo. Pale Mbale ndipo daktari Benjamin Warf alipokuza namna ya upasuaji usiohitaji mrija wa kutoa maji kichwani: daktari huingiza kamera nyembamba, hutoboa sakafu ya chumba cha tatu cha maji ya ubongo ili maji yapate njia, na huchoma sehemu ya ule utando unaotengeneza maji. Mrija huziba, na mrija ukiziba usiku kijijini hakuna wa kumwita. Mwaka 2017 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti uliofanywa palepale kwa watoto 100, wakilinganisha njia hiyo na mrija, na baada ya mwaka mmoja hawakuona tofauti katika maendeleo ya akili za watoto. Binti wa mihogo hayo yote hayakumhusu. Alichonisimulia aliporudi ni kwamba alikuta ukumbi mzima wa akina mama wenye watoto kama wake, na kwamba usiku ule kwa mara ya kwanza tangu homa alilala.

Nimebadilisha maandishi yangu. Chini ya kila karatasi naandika wiki, tarehe, na nilichokiona siku hiyo. Na kwa mdomo humwambia mama mambo ambayo hayamo kwenye skrini: kitovu kikae kisafi na kikavu, mtoto mchanga akipata joto au akikataa ziwa usingoje asubuhi, kofia zikianza kubana mlete. Watu wa kliniki waliniona napoteza muda, foleni ndefu nje, mimi nazungumzia kofia. Naendelea kuzungumzia kofia.

Yule mtoto hukaa sasa, anatafuna kila kitu. Alikuwa na miezi tisa walipokuja mara ya mwisho kabla utosi haujawa mdogo mno. Mama yake alimpakata mapajani akielekea kwangu, akamshika mikono ili asiinyakue probu. Mihogo ilikuwa mlangoni kwenye beseni, imefunikwa. Nikapima chumba cha kulia, nikapima cha kushoto, nikarudia kulia kwa sababu alitikisa kichwa. Vilikuwa vipana kuliko vya mtoto mwingine, lakini havikuwa vimeongezeka tangu mara iliyopita. Mama yake hakuuliza kama ubongo uko sawa. Alingoja nifute jeli kwenye nywele za mtoto, kisha akasema, “Na leo?”

“Leo maji hayajaongezeka,” nikamwambia, nikaandika tarehe.